SOMO LA 31: DUMUZI NA NDUGU ZAKE

1. Mkebe wa Petro

Siku ya Jumatatu Petro alifika shuleni na mkebe mdogo mkononi. Mdomo wa mkebe ulifunikwa kwa kitambaa na kufungwa kwa uzi. Wenzake wakamzunguka, wakamwuliza: «Petro, umeleta nini? Umeleta asali?»

Petro hakucheka. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu, akamsalimu kwa heshima, akasema:

«Mwalimu, ghala yetu inaliwa. Jana Mama alipanda kuchukua mahindi ya kutwanga. Akakuta unga mwingi chini ya mahindi, na hakuna mtu aliyetwanga. Mahindi yana matundu. Wadudu wenyewe ndio hawa.»

«Ghala yenu ina nini ndani?»

«Mahindi ya mavuno yote, Mwalimu. Hayajapukuchuliwa bado. Na gunia moja la mihogo mikavu. Baba alilinunua bandarini Kalemie miezi miwili iliyopita. Mahindi hayo ndiyo chakula chetu mpaka mavuno mengine. Sehemu yake itauzwa kwa malipo ya shule, yangu na ya dada yangu.»

«Na baba yako anataka kufanya nini?»

«Jirani amempa dawa ya unga iliyobaki kwake. Anasema mwaka jana iliua fukusi wake wote. Baba atainyunyiza kesho jioni.»

Mwalimu akauliza tena: «Wadudu wenu ni fukusi?»

Petro alifikiri kidogo. «Sijui, Mwalimu. Ni wadogo, tena ni wa rangi ya kahawia.»

«Wadudu wadogo wa rangi ya kahawia ni wengi, Petro. Mtu akiugua homa, mganga wa dispensari hampi dawa kabla ya kujua ni homa gani. Sisi pia tutawatazama wadudu hawa kwanza. Leo somo letu ni mkebe wako.»

2. Viungo vya mdudu

Mwalimu aliuweka mkebe juani mpaka wadudu wote wakafa. Kisha akawamwaga juu ya karatasi nyeupe. Akatoa kioo cha kukuza, yaani lupe, na kijiti chembamba cha kuwageuzia.

Kabla ya kutazama, alichora mdudu mkubwa ubaoni, akaeleza viungo vyake. Nanyi wasomaji, vishikeni vizuri, maana bila kuvijua hamtaweza kufuata somo.

Mwili wa mdudu una sehemu tatu: kichwa, kifua na tumbo. Kichwani mna macho, meno ya kutafunia, na vipapasio viwili. Kwa vipapasio mdudu hugusa na kunusa. Miguu sita na mabawa manne yameshikamana na kifua. Wadudu wa leo wana mabawa mawili ya juu yaliyo magumu kama ganda. Hayo siyo ya kurukia. Kazi yake ni kufunika tumbo pamoja na mabawa mengine mawili, yaliyo laini, ambayo mdudu huyakunjua anapotaka kuruka. Mbele ya mabawa magumu, juu ya kifua, kuna ganda jingine gumu. Sisi tutaliita ngao.

«Sasa,» akasema Mwalimu, «msinijibu kwa rangi. Mdudu aliyetoka punjeni jana ana rangi hafifu kuliko yule aliyetoka zamani, hata kama mama yao ni mmoja. Wala msitegemee ukubwa peke yake. Tazameni umbo: mbele, juu na nyuma.»

3. Fukusi anatengwa kwanza

Bernadeta alikuwa wa kwanza kushika lupe. Mara akapaza sauti: «Mwalimu, huyu ana mkonga kama tembo!»

Alisema kweli. Kichwa cha fukusi kimerefuka mbele kama mkonga mwembamba, na meno yake yako kwenye ncha ya mkonga huo. Vipapasio vimeota kwenye mkonga, navyo vimepinda kama kiwiko cha mkono. Tena mara nyingi fukusi wa mahindi ana madoa manne mekundu-mekundu juu ya mabawa yake magumu.

Fukusi jike hutoboa kitundu katika punje, hutaga yai moja humo, kisha huziba kitundu. Mtoto wake huila punje kwa ndani, wala hatoki mpaka awe mdudu kamili. Ndiyo sababu leo unaona punje nzima, na baada ya wiki chache unakuta ganda tupu.

«Hata fukusi wana ndugu,» alisema Mwalimu. «Yuko fukusi wa mahindi, yuko na fukusi wa mchele. Hao wawili wamefanana sana, hata mtaalamu akitaka kuwa na hakika hupasua tumbo la dume na kutazama viungo vya ndani kwa hadubini. Lakini kwa kazi yetu ya leo, wote wawili ni fukusi. Mwenye mkonga ni fukusi. Watengeni.»

Watoto walitenga wadudu 12 wenye mkonga.

4. Ndugu watatu

Walibaki wadudu 26 wasio na mkonga. Kwa macho matupu wote walionekana sawa. Miili yao ilikuwa ya mviringo na mirefu kidogo, kama vipande vya kijiti.

Yoani aliwatazama kwa lupe, akashangaa: «Mwalimu, hawa hawana kichwa!»

Mwalimu akamgeuza mmoja chali kwa kijiti. Kichwa kilikuwapo. Kilikuwa kimeinama chini ya ngao, na ngao imekifunika kama kofia iliyovutwa mpaka machoni. Ukimtazama mdudu huyo kutoka juu, huoni kichwa chake.

«Mkiona ngao imefunika kichwa hivi,» alisema Mwalimu, «jueni kwamba mmefika katika ukoo wa watoboaji. Wengi wa ukoo huu hutoboa miti mikavu. Wachache wamejifunza kula chakula chetu. Hapa mezani tuna ndugu watatu. Sasa tazameni nyuma.»

Wa kwanza ni dumuzi mkubwa. Urefu wake ni milimita 3 mpaka 4 na nusu. Ukimtazama kutoka juu, mwisho wa mwili wake ni wa mraba, kama kijiti kilichokatwa kwa panga. Ukimtazama kwa ubavu, utaona mabawa magumu yanakwenda sawa, kisha yanashuka ghafula kama ukuta. Mahali hapo pa kushuka ni bapa, na pembeni pana ukingo ulioinuka kidogo. Wataalamu wamempa jina la Prostephanus truncatus. Neno truncatus ni la Kilatini, maana yake «aliyekatwa». Basi ukilikumbuka jina lake, umekwisha kukumbuka umbo lake.

Wa pili ni dumuzi mdogo. Jina lake la kitaalamu ni Rhyzopertha dominica. Urefu wake ni milimita 2 mpaka 3, naye ni mwembamba. Mwisho wa mwili wake haukukatwa. Mabawa yameshuka polepole, nao mwisho ni wa mviringo kama ncha ya kidole. Kwenye ukingo wa mbele wa ngao yake kuna safu ya vimeno, vimepangwa sawasawa kama meno ya kitana. Na juu ya mabawa yake kuna vitundu vidogo sana vilivyopangwa kwa mistari, kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba.

Wa tatu ni dumuzi wa mianzi, anayeitwa Dinoderus minutus. Neno minutus maana yake ni «mdogo sana». Huyu naye ana mwisho wa mviringo, kwa hiyo ni rahisi kumchanganya na dumuzi mdogo. Lakini tazama ngao yake upande wa nyuma, karibu na mabawa. Utaona vibonde viwili vifupi, kimoja kando ya kingine, kana kwamba mtu amebonyeza udongo mbichi kwa vidole viwili. Dumuzi mdogo hana vibonde hivyo. Dumuzi wa mianzi hula mianzi mikavu, tena hula mihogo mikavu.

Yoani akaanza kuwatenga. Akamweka mdudu mmoja upande wa dumuzi mkubwa. Bernadeta akamtazama tena kwa lupe, akasema: «Yoani, huyu amekuja mahali si pake. Nyuma yake ni mviringo.»

«Lakini ni mkubwa!» alijibu Yoani.

Mwalimu akampima kwa rula. Alikuwa na milimita 3. «Mmesikia, dumuzi mkubwa huanza kwenye milimita 3, na dumuzi mdogo huishia kwenye milimita 3. Hapo ukubwa hauwezi kuamua. Nyuma ndiyo inayoamua. Bernadeta amesema vema.»

Walipomaliza, waliandika hesabu ubaoni hivi:

Fukusi: 12
Dumuzi mkubwa: 19
Dumuzi mdogo: 5
Dumuzi wa mianzi: 2
Jumla: 38

«Mwalimu,» aliuliza Petro, «hao wawili wa mianzi wametoka wapi?»

«Kikapu ambacho mama yako huchukulia mahindi ni cha nini?»

«Ni cha mianzi, Mwalimu.»

«Basi kitazame leo. Pengine utaona vumbi chini yake. Au walikuja pamoja na mihogo.»

5. Safari ya dumuzi mkubwa

Petro alitazama hesabu ile ubaoni. Wadudu 19 kati ya 38 walikuwa dumuzi mkubwa. Akauliza: «Je, hao ni wabaya kuliko fukusi?»

Mwalimu akaeleza hivi:

«Zamani dumuzi mkubwa hakuwako katika Afrika. Kwao ni Mexico na nchi za Amerika ya Kati. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alianza kuonekana Tanzania, upande wa Tabora. Wakulima wa huko walimwita dumuzi. Wengine walimwita Scania, kwa jina la malori makubwa. Mwaka 1984 alionekana Burundi. Mwaka 1993 alionekana Rwanda na Zambia. Nchi hizo nne zote zinapakana na Kongo yetu. Mdudu hasimami mpakani kuonyesha karatasi. Husafiri ndani ya magunia ya mahindi na ya mihogo mikavu. Tena anaweza kuruka, na kuishi ndani ya miti mikavu.

«Fukusi huharibu, lakini dumuzi mkubwa husaga. Hutoboa njia ndani ya mahindi, kutoka punje hii mpaka punje ile, hata ndani ya gunzi. Huacha unga mwingi kuliko ule anaokula. Huko Tanzania, katika maghala mengine, mahindi yaliyokaa miezi 3 mpaka 6 yalipoteza hata asilimia 34 ya uzito wake. Mihogo mikavu huharibika zaidi.

«Sasa sikilizeni jambo hili vizuri. Dumuzi alipoingia, wakulima wengi walitumia dawa waliyoizoea ya kuua fukusi. Fukusi walikufa. Dumuzi wengi wakabaki. Mkulima alifunga ghala yake kwa moyo mtulivu, na alipoifungua akakuta unga. Baadaye, katika miaka ya 1980, wataalamu walichanganya dawa mbili katika unga mmoja, moja ya fukusi na moja ya dumuzi. Wakafundisha pia kwamba mahindi yapukuchuliwe mapema. Kwa nini? Kwa sababu punje zikiwa bado kwenye gunzi zimebanana, na dumuzi hupata mahali pa kujitegemeza anapotoboa. Punje zikiwa zimepukuchuliwa huchezacheza, naye hutoboa kwa shida.»

«Kwa hiyo dawa ya jirani...» alisema Petro.

«Dawa ya jirani iliwaua fukusi wake. Wewe una fukusi 12, lakini una dumuzi 19. Tena, je, dawa ile ina maandishi yake?»

«Hapana, Mwalimu. Imefungwa katika karatasi ya daftari.»

«Basi isiingie ghalani kabisa. Dawa isiyo na maandishi yake hatujui ni dawa gani, wala kiasi chake, wala kama inafaa kwa chakula. Inaweza kuwadhuru watu kuliko wadudu.»

Kisha Mwalimu akaongeza: «Wala msidhani kila mdudu mnayemwona ghalani ni adui. Kuna mdudu mmoja mdogo, mweusi, anayeng'aa. Mabawa yake magumu ni mafupi, hata ncha ya tumbo lake huonekana nje. Yeye hula mayai na watoto wa dumuzi mkubwa. Wataalamu walimchukua kule kwao dumuzi, wakamwachia huru Togo mwaka 1991, na Kenya mwaka 1992, ili awasaidie wakulima. Mtu asiyejua kutofautisha atamponda huyo pamoja na wezi, naye alikuwa mlinzi wake.»

6. Jioni nyumbani kwa Petro

Mwalimu alimwazima Petro lupe. Petro alipofika nyumbani, alimkuta baba yake amekaa chini ya mwembe.

«Baba,» alisema, «nakuomba usinyunyize dawa ile kwanza. Tazama wadudu hawa.»

Baba yake hakupenda kuambiwa neno na mtoto juu ya ghala yake. Akanyamaza. Lakini Petro alipiga magoti, akatandika karatasi, akampa lupe kwa mikono miwili. Baba akatazama kwa muda mrefu. Akamgeuza mdudu mmoja, akamgeuza mwingine.

«Huyu ana mkonga,» alisema mwisho. «Huyu namjua, ni fukusi. Lakini huyu mwingine ni kama amekatwa nyuma.»

«Ndiye dumuzi mkubwa, Baba. Dawa ya fukusi haimwezi vizuri.»

Baba akasimama, akamwita Mama. Kesho yake alfajiri jamaa yote ilifanya kazi. Kwanza walitoa gunia la mihogo. Lilikuwa limejaa vumbi, na vipande vingi vilivunjika mkononi kama biskuti. Walilichoma mbali na nyumba. Kisha walishusha mahindi yote. Yaliyotobolewa waliyaweka peke yake, na yaliyo mazima peke yake. Mahindi mazima waliyapukuchua, wakayaanika juani, wakayapepeta kwa ungo. Ghala waliifagia, na vumbi lote wakalichoma. Nguzo mbili zenye matundu ya wadudu walizing'oa, wakaweka mpya. Baba akaenda kwa agronomu kuuliza dawa iliyo halali kwa chakula, iliyo katika pakiti yake yenye maandishi.

Hawakuokoa yote. Katika vikapu kumi vya mahindi, vikapu vitatu vilikuwa vimeharibika. Baba alilazimika kuuza mbuzi mmoja ili malipo ya shule ya dada yake Petro yapatikane. Lakini vikapu saba vilibaki, na jamaa ile ilikula mpaka mavuno mengine.

Tangu siku hiyo, gunia lolote linapotoka sokoni, haliingii ghalani mara moja. Baba hulifungua uani, humwaga kidogo juu ya mkeka, na kumwita Petro: «Njoo utazame nyuma zao.»

Wazee wetu walisema: Mdharau mwiba, mguu huota tende. Tofauti kati ya dumuzi na ndugu yake ni ndogo kuliko ncha ya sindano. Lakini ghala nzima yaweza kupotea kwa sababu ya tofauti hiyo.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Kichwa chenye mkonga: fukusi.
2. Kichwa kimefichwa chini ya ngao, na mwisho wa mwili umekatwa: dumuzi mkubwa.
3. Kichwa kimefichwa, mwisho ni mviringo, vimeno kama kitana mbele ya ngao: dumuzi mdogo.
4. Kichwa kimefichwa, mwisho ni mviringo, vibonde viwili nyuma ya ngao: dumuzi wa mianzi.
5. Rangi hudanganya. Ukubwa husaidia, lakini hauamui peke yake.

MANENO

Kupukuchua: kutoa punje za mahindi kwenye gunzi.
Gunzi: kile kinachobaki mahindi yakiisha kupukuchuliwa.
Lupe: kioo cha kukuza vitu vidogo.
Kibonde: mahali palipobonyea kidogo.
Bapa: pasipo na mviringo, kama uso wa meza.

MASWALI

1. Mwili wa mdudu una sehemu ngapi? Zitaje.
2. Kwa nini Yoani alidhani kwamba wadudu wale hawana kichwa?
3. Neno truncatus maana yake nini? Linatusaidiaje?
4. Yoani alikosa wapi alipotenga wadudu? Nani alimsahihisha, na kwa kutazama nini?
5. Kwa nini dawa ya jirani isingefaa? Toa sababu mbili.
6. Kwa nini ni vema kupukuchua mahindi mapema?
7. Petro alimwambiaje baba yake bila kumkosea heshima?

KAZI

Tafuteni nyumbani punje kumi zenye matundu, na wadudu walio ndani yake. Waleteni katika mkebe uliofungwa vizuri, msiwaachie darasani. Watengeni kwa kufuata «Mambo ya kukumbuka». Kisha kila mmoja achore katika daftari lake mwisho wa mwili wa dumuzi mkubwa na wa dumuzi mdogo, mara moja kutoka juu na mara moja kwa ubavu. Mkimaliza, naweni mikono.